Sura ya Saba: Kabati Linalopumua

"Hiki kitu kinapumua?" fundi aliniuliza.

Nilikuwa nimemwekea kompyuta juu ya benchi lake, katikati ya randa na kopo la gundi, na kwa mbwembwe zote za mwanafunzi wa mwaka wa pili nikawa namweleza namna ninavyotaka aifiche. Ilikuwa 2006, Keko, Dar es Salaam, pale makochi yanapopangwa nje mpaka ukingoni mwa barabara na vumbi la msasa linatua kwenye nyusi za kila mpita njia. Mchoro wangu ulikuwa wa meza ya mninga, upana sentimita 120. Ukiifungua, ofisi. Ukiifunga, meza ya heshima ya sebuleni yenye mtungi wa maua juu yake. Skrini ingezama ndani, kibodi ingeingia kwenye droo, na lile boksi la chuma ambalo sote tuliliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kidude kidogo tu ndani yake, lingekaa kwenye kabati la pembeni lenye mlango na bawaba za shaba. Mgeni angekunywa chai na kuondoka bila kujua kama nyumba ile ina kompyuta.

"Sijakuelewa, mzee," nikajibu.

"Washa."

Tukachomeka, tukawasha. Akapeleka kiganja nyuma ya boksi, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa. "Sikia pumzi yake. Ya moto. Ukimfungia humu ndani utamuua, mwanangu."

Nilimwambia asihofu, mbao si bati, mbao hazipati moto. Leo nikikumbuka jibu lile natamani ningemeza ulimi. Mbao kutopata moto ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Ndiyo maana sufuria hutengenezwa kwa alumini na mpini wa mwiko kwa mti. Kompyuta ndani ya bati hupoteza sehemu ya joto lake kupitia ubavu wa bati. Ndani ya mninga, joto halina pa kutokea ila kwa hewa, na mimi hewa nilikuwa nimeizibia kwa mlango mzuri wa kuvutia. Vichakataji vya Pentium 4 vya mwishomwisho, ambavyo ndivyo vilikuwa vikiingia Kariakoo kama mitumba, vingine vilikula umeme wa zaidi ya wati 100. Aliyefuga kuku anajua balbu ya wati 100 hufanya nini ndani ya boksi: hulea vifaranga. Mimi nilikuwa nauza kilelea vifaranga chenye vanishi.

Meza ya kwanza ilizimika yenyewe dakika ishirini hivi baada ya mteja kufunga mlango wa kabati. Haikuungua. Kichakataji kina kinga yake, kikizidiwa na joto hujizima. Lakini mteja alikuwa katikati ya kuandika, na kazi hakuwa ameihifadhi, na maneno aliyonipa kwa simu sitayaandika hapa.

Kampuni yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na mwenzangu wa chumba kimoja bwenini. Tulikuwa na kitabu kimoja cha risiti, muhuri tuliochongesha Kariakoo, na jina la Kiingereza ambalo sasa naona haya kulitaja. Na kama vijana wote waliotaka kufanya biashara ya kompyuta miaka ile, tulikuwa na shujaa mmoja: Michael Dell. Habari zake tulizijua kama tenzi. Mwaka 1984, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alianza na mtaji wa dola 1,000, akiboresha kompyuta chumbani kwake na kuziuza. Mwaka wa masomo ulipoisha aliacha chuo, akiwa na umri wa miaka 19. Tulichokuwa hatukioni katika hadithi ile ni kitu cha wazi mno: bidhaa ya Dell ilienea juu ya kitanda. Mtu anaweza kuunganisha kompyuta kumi bwenini, mlinzi asijue. Jaribu kupiga msumeno ubao mmoja wa mninga saa tatu usiku, uone.

Fanicha ina ubaya huo. Inakula nafasi, inakula usafiri, na haiingii mlangoni. Meza yetu ya pili ilikuwa na kina cha sentimita 82, kwa sababu skrini za kioo cha mgongo za wakati ule zilikuwa na tumbo kubwa nyuma, na urefu wake kwenda juu ulikuwa 78. Mlango wa mteja, pale Sinza, ulikuwa na uwazi wa sentimita 75. Tuliigeuza kila namna. Tukang'oa mlango kwenye bawaba zake, wapi. Watoto wa mtaa walikwisha kukusanyika na kila mmoja alikuwa na ushauri wake. Tukairudisha Keko juu ya mkokoteni, fundi akaitazama, akacheka kwa pua, akaikata miguu yote minne. Kisha akatoboa, akatia boliti, miguu ikawa ya kufungwa na kufunguliwa. Jioni ile meza ilipita, ikavikwa miguu yake ndani.

Miaka kadhaa baadaye ndipo niliposoma kwamba mwaka 1956, nchini Sweden, mfanyakazi wa IKEA aitwaye Gillis Lundgren alishindwa kuingiza meza kwenye gari lake akaamua kuing'oa miguu, na kwamba kampuni iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad akiwa na miaka 17 ilijenga utajiri wake juu ya wazo hilo la fanicha ya kuunganisha nyumbani. Fundi wangu hakuwahi kuisikia Sweden. Alikuwa na mkokoteni wa kukodi unaomngoja na kijana aliyekaribia kulia.

*

Nimeanza na aibu zangu ili msomaji asidhani nasimama juu ya kichuguu. Lakini jambo lenyewe, la kuificha mashine ndani ya samani, ni kongwe kuliko kompyuta, na waliolifanya kwa faida kubwa kuliko wote waliifanya kazi hiyo miaka mia moja kabla yetu, mjini Camden, jimbo la New Jersey, Marekani.

Gramafoni za mwanzo zilikuwa na pembe. Pembe kubwa la bati au shaba, mdomo wake umepanuka kama ua la mboga ya maboga, likisimama juu ya kisanduku cha mashine. Sauti yote ilitoka humo. Hapakuwa na umeme wala spika. Pembe lilikuwa mashine yenyewe, nalo lilikuwa baya. Lilichukua nafasi, lilikusanya vumbi, na katika sebule za matajiri wa Marekani zenye mapazia ya mahameli lilionekana kama kifaa kilichopotea njia kikielekea karakana. Eldridge Johnson, fundi mitambo aliyeanzisha Victor Talking Machine Company mwaka 1901, aling'amua kwamba anayeamua nini kiingie sebuleni si yule anayependa mitambo. Ni mama mwenye nyumba. Basi akalikunja pembe, akalielekeza chini, akalifungia ndani ya kabati refu la mbao lenye miguu, kifuniko juu na vijimlango viwili mbele. Mwaka 1906 akaiuza kwa jina la Victrola, kwa dola 200, fedha ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliihenyea kwa miezi kadhaa.

Tazama vijimlango vile vizuri, maana hapo ndipo palipo na akili. Sauti ilitoka nyuma yake. Ukivifungua wazi, muziki unajaa chumba; ukivirudishia kidogo, unapungua; ukivifunga, unakuwa wa kunong'ona. Kifuniko cha juu nacho kiliizuia ile mikwaruzo ya sindano isimfikie msikilizaji. Kwa hiyo kabati halikuwa vazi tu. Liligeuka kiungo cha mashine: mlango ndio uliokuwa kitufe cha sauti. Mimi meza yangu niliiona kama kanzu ya kumfunika mtu. Johnson aliifanya kuwa mbavu zake.

Kabati zile za mwanzo hakuzitengeneza yeye. Aliziagiza kwa maseremala wa kampuni ya Pooley ya Philadelphia, ng'ambo ya mto tu kutoka Camden, mpaka alipojenga karakana zake mwenyewe za mbao. Si muda mrefu gramafoni za pembe la nje zikaonekana za kizamani, na jina Victrola likawa ndilo jina la kila gramafoni ya kabati midomoni mwa Wamarekani, hata iliyotengenezwa na washindani.

Halafu redio ikaja, nayo ikaanza upya safari ileile. Redio za nyumbani za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zilikuwa boksi lenye vifundo, kanda za waya, na betri za tindikali kama za gari zilizowekwa sakafuni, zikivuja na kula mazulia. Pooley walewale waliokuwa wametengeneza kabati za gramafoni wakageukia kutengeneza kabati za kuficha redio za Atwater Kent. Seremala ni yuleyule, mbao ni zilezile, kilichobadilika ni mgeni anayefichwa. Televisheni ilipotokea mjini New York, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1939, ilikuwa imevikwa hivyohivyo. RCA, kampuni iliyokuwa imeinunua Victor mwaka 1929, ilionyesha televisheni yake ya TRK-12, kabati la kifahari lililobuniwa na John Vassos. Bomba la picha lilikuwa refu mno kulazwa, kwa hiyo lilisimamishwa wima, uso wake ukiangalia dari, na mtazamaji aliiona picha kwenye kioo kilichobandikwa chini ya kifuniko kilichoinuliwa. Bei ilikuwa dola 600. Na hapa kuna kichekesho ninachokipenda kuliko vyote: wageni wa maonyesho hawakusadiki. Kabati lilikuwa limeficha vizuri kupita kiasi, na mtu akiona picha zinazotembea ndani ya kabati lililofungwa hudhani kuna kiini macho. RCA ikalazimika kutengeneza moja lenye mwili wa plastiki angavu na kuliweka hadharani, watu waione mitambo kwa macho yao waamini.

Kompyuta iliposogelea nyumba, ilikosea hatua ya kwanza. Mwaka 1969, katika katalogi yake ya Krismasi, duka la anasa la Neiman Marcus la Texas lilitangaza kompyuta ya jikoni kutoka Honeywell, ikiwa imejengwa ndani ya kitu kama meza ya kusimamia chenye ubao wa kukatia mboga uliotokeza mbele. Kazi yake ilikuwa kutunza mapishi. Bei, dola 10,600, pamoja na mafunzo ya wiki mbili ya kuitumia. Mafunzo yalihitajika kweli, maana haikuwa na skrini wala kibodi. Mpishi alitakiwa kuiuliza kwa swichi ndogondogo na kusoma jibu kwenye taa zinazowaka na kuzimika, moja na sifuri. Hakuna ushahidi kwamba kuna hata mmoja aliyeinunua. Umbo lilikuwa zuri, na hata leo likiwekwa mbele yako utalisifu. Lakini fanicha haiwezi kuiokoa mashine isiyo na kazi nyumbani. Kama ndani hakuna kitu mtu anachokihitaji, kabati ni jeneza.

Miaka saba baadaye mambo yalikuwa kinyume: mashine inatakiwa, fanicha haipo. Apple ya kwanza, mwaka 1976, iliuzwa kwa dola 666.66 ikiwa ubao mtupu wa saketi. Kasha, kibodi na kifaa cha kugeuzia umeme, mnunuzi ajitafutie. Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop kule Mountain View aliyeagiza 50 za mwanzo, alijikuta ana bidhaa ambayo mteja hawezi kuiweka mezani, na baadhi ya mashine hizo zikaishia ndani ya makasha ya koa, mti wa Hawaii wenye mistari ya dhahabu. Moja ya hizo za koa ilikuwa ya mwalimu wa chuo kimoja California, ambaye mwaka 1977 alimuuzia mwanafunzi wake kwa dola 650. Mwanafunzi aliitunza. Novemba 2021 iliuzwa mnadani kwa dola 400,000. Kompyuta ile leo haina nguvu ya kushindana na kikokotoo cha sokoni, lakini kasha lake bado lingependeza sebule yoyote.

Yashike hayo mawili, kasha na mashine, na umri wake. Nitayarudia.

*

Nilipokuwa nikichora meza zangu nilidhani nawauzia watu wa Dar es Salaam kile Johnson alichowauzia akina mama wa Marekani: kitulizo cha macho. Nilikosea mteja.

Mwambao huu una sanaa kongwe ya kuficha ndani ya mbao. Yale masanduku tunayoyaita ya Zanzibar, yenye njumu za shaba na droo kwa chini, mengi yakiwa yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, yalikuwa na vijidroo vya siri ndani yake. Ubao mmoja ukisukumwa inavyopasa, unatoka, na nyuma yake kuna nafasi ya pete na hati. Yalificha mali. Hayakuficha kitu kwa sababu ni kibaya cha kutazama. Yalikificha kwa sababu ni kizuri mno.

Mashine nazo, huku kwetu, ziliingia sebuleni upande huo wa mizani. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali. Zanzibar ilikuwa imeanza televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri matangazo yake ya kwanza mpaka 1994. Kitu ulichokikosa miaka ishirini hukifichi kikija. Unakiweka katikati ya ukuta, unakitandikia kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa unaweka maua ya plastiki na picha ya harusi. Hata cherehani, ambayo kampuni ya Singer ilikuwa na makabati ya kuizamisha mezani isionekane, huku imekaa barazani, kichwa juu, kwa kuwa ndiyo kibao cha tangazo cha fundi. Gramafoni nayo ilipovuma Unguja, baada ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, mwenye nayo alitaka ijulikane kuwa anayo.

Kwa hiyo mteja wetu wa tatu alipokuja, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, na mimi nikaanza kumwimbia wimbo wa nyaya mbaya na sebule nadhifu, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kufuli linakaa wapi?"

"Kufuli, mama?"

"Mwanangu, mimi hiyo kompyuta sioni ubaya wake. Nalala huku, duka lipo kule. Nataka mtu akivunja dirisha aone meza."

Tuliuza meza kumi na moja katika miaka miwili. Nimelitunza daftari. Mteja mmoja tu, mwalimu mstaafu, alizungumzia uzuri. Wanne walitaka kufuli. Wawili walitaka kumzuia mtoto asicheze michezo kabla ya kumaliza kazi za shule, na hao nao ni kufuli. Waliobaki walikuwa na adui mmoja, vumbi; walikaa kando ya barabara za udongo na kila miezi miwili walimlipa mtu aje apulize boksi. Kwa hiyo kile tulichokiita ubunifu wa samani, wateja walikinunua kama sefu au kama chandarua.

Na vitu hivyo vitatu havijengwi namna moja. Anayeficha kwa ajili ya macho anaweza kuacha mgongo wa meza wazi kabisa, kwani nani anatazama nyuma? Anayeficha kwa ajili ya mwizi hawezi. Huyo anataka mgongo wa ubao mzito na skrubu zinazofungwa kwa ndani. Anayekimbia vumbi anataka kila upenyo uzibwe, wakati mashine inadai kila upenyo ufunguliwe, na hapo ndipo seremala anapotoa jasho. Sisi tulikuwa tukiwauzia wote mchoro mmoja.

Fundi ndiye aliyetutoa. Baada ya ile aibu ya simu alichukua kabati la meza ya tatu akalitoboa chini kwa mbele, safu ya matundu, na juu kwa nyuma safu nyingine pana zaidi. "Moshi wa jiko unatokea wapi?" aliniuliza, kama anazungumza na mtoto wa chekechea. Hewa baridi huingilia chini, hewa ya moto hupanda yenyewe. Huna haja ya kuibeba, ipe tu njia. Kwenye matundu ya chini alibandika kwa ndani kipande cha sponji jembamba, lile la makochi, akakishikilia kwa fremu inayotoka ili kioshwe. Mimi nikaongeza feni moja ya milimita 120 kule juu, feni ya kompyuta ya kawaida, ikizunguka polepole bila kelele. Kompyuta haikuzimika tena. Maarifa yote ya chuo yaliyomo ndani ya meza ile ni feni moja.

UPS ilitusumbua zaidi. 2006 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na hakuna aliyekuwa tayari kununua kompyuta bila betri ya kuisindikiza. Kwa tamaa ya unadhifu tuliiweka kabati moja na boksi, na ndani ya mwaka betri zikafa zote, moja baada ya nyingine. Betri hizo za risasi zilizozibwa hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto linalozidi nyuzi 25. Tangu hapo UPS ilikaa chumba chake chini kabisa, mbali na pumzi ya mwenzake.

*

Kilichotuua si joto, wala mwizi, wala mlango wa Sinza.

Katika robo ya tatu ya mwaka 2008, kwa mara ya kwanza, dunia ilinunua kompyuta za mapajani nyingi kuliko za mezani: milioni 38.6 kwa milioni 38.5. Tofauti ndogo, lakini mteja wa kumi na mbili hakuja. Kompyuta ilikuwa imejifunza kujificha yenyewe. Unaikunja, unaitia kwenye begi, mwizi hapati kitu dukani, na mtoto anaambiwa laputopu iko kazini na baba. Meza yetu yenye tumbo la sentimita 82 kwa ajili ya skrini ya mgongo ilionekana, ghafla, kama zizi lililojengwa kwa ajili ya tembo wakati mwenye nyumba amenunua paka.

Si sisi peke yetu. Marekani, kabati kubwa za milango miwili za kuficha televisheni zilizokuwa fahari ya miaka ya 1990 zilikosa maana mara televisheni bapa ziliposhuka bei. Kabati ilikuwa na kina cha kumeza bomba la picha na upana usiotosha skrini mpya. IKEA wenyewe, pamoja na ukubwa wao, walitoa Uppleva mwaka 2012, fanicha iliyouzwa na televisheni yake ndani, ikitengenezwa kwa kushirikiana na TCL ya China. Haikudumu. Mbao za stendi ni za kukaa miaka ishirini. Televisheni ni ya miaka michache. Ukivifunga pamoja, kinachokufa mapema humzika mwenzake. Walipojaribu tena mwaka 2019 na Sonos, wakatengeneza spika iliyo pia taa ya mezani na nyingine inayokaa kama rafu, walikuwa wamefichua kitu cha maana zaidi: hawakuificha spika ndani ya fanicha, waliipa spika kazi ya fanicha. Samsung walikuwa wametangulia na The Frame mwaka 2017, televisheni ambayo ikiwa haitazamwi inaonyesha mchoro kama fremu ya picha ukutani. Hiyo haihitaji seremala kabisa, jambo ambalo mimi kama mtu wa Keko linaniuma.

Najua kuna mwanafunzi anayesoma sura hii akiwa na mchoro kwenye daftari. Kila mwaka wananiandikia mmoja au wawili, na meza zao ni nzuri kuliko zangu. Zina sehemu ya kuchajia simu bila waya, zina kompyuta ndogo ya saizi ya kadi ya benki, aina ya Raspberry Pi, ambayo ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa kwa dola 35, na ambayo hutoa joto dogo. Ufundi wa joto umekuwa rahisi. Lakini swali la fundi wangu bado halijaisha, limehama tu: kile unachokifungia ndani ya mbao kitatokaje siku kikifa? Nikiona mchoro ambamo kifaa kimegandishwa kwa gundi, naujua mwisho wake. Nikiona ambamo kuna mlango wa nyuma wa skrubu nne, tundu la sentimita 6 la kupitisha nyaya ambazo bado hazijabuniwa, na nafasi tupu kuliko inavyohitajika leo, namwambia aendelee, kisha namuuliza anamfichia nani na anamficha nani. Wengi hunijibu kwa neno "unadhifu". Nawaomba waende wakae kwa mteja siku nzima kabla ya kununua ubao wa kwanza, na wahesabu ni mara ngapi neno hilo litatoka kinywani mwa mtu mwingine asiyekuwa wao.

Mwaka jana nilipita Temeke nikaiona meza moja kati ya zile kumi na moja, dukani kwa fundi cherehani. Niliitambua kwa safu ya matundu chini mbele. Sponji halipo tena. Cherehani yenyewe ilikuwa barazani, kichwa juu. Nikamwomba anifungulie kabati. Ndani, mahali pa boksi, alikuwa amepanga vitenge vya wateja, na akaniambia humo havipati harufu ya unyevu hata mvua za masika. Alipomaliza akalifunga kwa ufunguo uleule tulioukabidhi 2007, akautia mfukoni.